Riwaya ya Kusikiliza Wakati wa Likizo: Peponi na Msafara Uliorudi Nyumbani

Kila likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili hutujia na swali lile lile: wasome nini ambacho hakimo katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa? Swali hili ni zuri na aghalabu hujibiwa vibaya. Sisi tunaowaongoza katika semina huwatajia vitabu kumi kwa mkupuo, nao huenda zao wasisome hata kimoja. Safari hii nimeamua kutaja kimoja tu na kutoa sababu zangu. Aidha, nitaeleza kwa nini naamini kwamba kitabu hicho kinafaa kuingia kwa masikio kabla ya kuingia kwa macho. Kitabu chenyewe ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise. Riwaya asilia ilitoka mwaka wa 1994 na mwaka uo huo ikawa miongoni mwa vitabu vilivyofika hatua ya mwisho ya tuzo ya Booker huko Uingereza. Mwandishi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaitoa tafsiri hii. Ndiyo kazi ya kwanza ya Gurnah kutokea kwa Kiswahili.

Nakiri kwamba sikuchagua kuisikiliza. Baada ya kusahihisha karatasi za mitihani kwa majuma mawili mfululizo, macho yaliniuma kiasi kwamba daktari aliniagiza nisisome chochote kwa mwezi mmoja. Nilikwenda nyumbani, viungani mwa Mumias, nikiwa na Peponi mkobani na marufuku hiyo kichwani. Mpwa wangu wa kike, ambaye yumo katika shule ya upili, alinihurumia akasema, “Mjomba, wewe lete kitabu, mimi nitakusomea.” Basi kila jioni baada ya chakula alisoma kwa sauti, simu ikiwa mezani inarekodi, ili nipate kurudia asubuhi pale nilipokuwa nimesinzia. Nyanya yangu alikuwa kando anapukuchua mahindi. Siku mbili za mwanzo alijifanya hasikilizi. Siku ya tatu tulipochelewa kuanza, alituuliza yule mtoto amefika wapi.

Yule mtoto ni Yusuf. Tunapokutana naye ana umri wa miaka kumi na miwili, anaishi na wazazi wake katika mji mdogo uitwao Kawa, ambao ulipata kuchangamka Wajerumani walipoufanya kituo cha kazi za kujenga reli, kisha ukadorora reli iliposonga mbele. Baba yake anaendesha mkahawa wenye vyumba vichache vya wageni. Kila mara tajiri Aziz anapopita na msafara wake, hula kwao na kumpa mtoto sarafu anapoondoka. Yusuf humpenda mgeni huyu na kumwita kwa jina la ndugu wa wazazi. Halafu siku moja anaambiwa kwamba atasafiri naye kwa garimoshi. Hapewi sababu. Ni baadaye sana, katika duka la tajiri huyo huko pwani, ndipo Khalil, kijana aliyemtangulia kufika, anapomweleza bila kumbembeleza kuwa huyo si jamaa yake hata kidogo: baba yake ana deni, na yeye ndiye rehani.

Hapo ndipo nyanya alipoacha kupukuchua. Hakusema neno usiku ule. Kesho yake alinisimulia habari ya dada yake mkubwa, aliyepelekwa “kukaa na jamaa” mjini akiwa mdogo kuliko Yusuf, akarudi mtu mzima. Nilikuwa nimelisikia jina la huyo bibi tangu utotoni. Sikuwa nimeisikia sababu ya yeye kutojua kusoma ilhali wadogo zake wote wanajua. Sikuitafuta habari hiyo. Riwaya ndiyo iliyoitoa.

Sasa nije kwenye suala la istilahi, maana haya ni makala ya jarida la Kiswahili na wahadhiri wetu hawatanisamehe nikilikwepa. Riwaya ya kihistoria si historia iliyopambwa kwa mazungumzo, wala si hadithi yoyote iliyotokea zamani. Ni riwaya ambamo mabadiliko ya jamii nzima katika kipindi mahususi ndiyo yanayosukuma maisha ya wahusika, hata pale wahusika wenyewe hawayajui mabadiliko hayo kwa jina. Kiswahili kinayo hazina ya aina hii. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela (1934) aghalabu hutajwa mwanzoni. Kwaheri Iselamagazi ya Bernard Mapalala (1992) inaturudisha katika enzi ya Mtemi Mirambo. Naye Shafi Adam Shafi ametupa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Kuli (1979) na Vuta N’kuvute (1999), zote zikiwa na mizizi katika misukosuko ya Unguja ya karne ya ishirini.

Upekee wa Peponi katika kundi hili ni namna inavyokataa kututangazia tarehe. Hakuna ukurasa unaotuambia kwamba sasa ni mwaka fulani na Wajerumani wamefanya hili au lile. Tunajua tu kwamba reli inapanda bara, kwamba wafanyabiashara wanalalamika njia zinafungwa, kwamba Mzungu mmoja akitokea mahali palipokuwa na ugomvi wa siku nyingi, ugomvi huo unakatwa kwa neno lake moja. Anayeijua historia atatambua kwamba tumo katika miaka inayoelekea Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyoanza 1914, katika nchi iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Asiyeijua atakuwa katika hali ile ile ya Yusuf: anaona dalili, hana maelezo.

Na hii ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kupendekeza masikio. Yusuf si mtendaji mkubwa. Kwa sehemu kubwa ya riwaya yeye ni msikilizaji. Anakaa barazani dukani, anasikia wazee wakibishana. Anapelekwa bara kukaa kwa Hamid Suleiman, anasikia masimulizi ya Hussein, mtu wa Unguja anayeishi peke yake mlimani, na mizaha ya Kalasinga, fundi wa magari. Anasikia habari za nchi za baridi ambako jua halitaki kuzama, za watu wanaogeuka mbwamwitu, za bustani ya peponi iliyo huko bara nyuma ya milango ya moto. Anayasadiki baadhi, mengine hayasadiki, na msomaji hana budi kufanya vivyo hivyo. Mtu anayeisoma riwaya hii kimyakimya huweza kuziona hadithi hizo kuwa vituo vinavyochelewesha kisa. Anayeisikiliza hawezi kuona hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe amekaa mahali alipokaa Yusuf. Mpwa wangu aliposoma habari za mbwamwitu taa ikiwa imezimika na tunatumia tochi ya simu, hakuna aliyeuliza kisa kinaendelea lini.

Tusilione jambo hili kuwa geni. Tenzi zetu zilitungwa ziimbwe. Anayehesabu mizani kwenye karatasi bila kuisikia mahadhi amepata nusu ya utenzi. Riwaya ndiyo iliyotufunza kunyamaza na kitabu.

Sababu ya pili ni majina. Sikio la Mswahili husikia maana katika majina ya riwaya hii kabla akili haijaombwa kufikiri. Mtawala wa bara anayeuteka msafara anaitwa Chatu. Msaidizi wa mnyapara anaitwa Simba Mwene. Mwanamke mzee mteja wa duka, ambaye hamwachi Yusuf apumzike kwa kumtamani hadharani, ni Ma Ajuza. Kalasinga naye si jina la mtu hata kidogo. Ni neno ambalo watu wa pwani huwaita Masingasinga wote, na Harbans Singh wa watu amelibeba kama mtu anavyobeba jina la utani asilolichagua. Katika Kiingereza majina haya hubaki sauti za kigeni zenye ladha ya mbali. Katika Kiswahili yanang’ata. Nyanya alicheka kwa sauti alipolisikia jina la Ma Ajuza mara ya kwanza, kisha alipoona mwanamke huyo anavyomshika mtoto, akaacha kucheka. Sidhani kama kuna uhakiki wa maandishi uliowahi kunieleza toni ya riwaya hii vizuri kuliko kicheko hicho kilichokatizwa.

Niongeze hapa jambo dogo linalonifurahisha. Kalasinga ana azma ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ilhali hajui Kiarabu. Atatumia tafsiri ya Kiingereza, anasema, ili Waislamu waone wanachokiabudu. Marafiki zake wanamcheka. Hata hivyo, historia ilikuwa karibu kufanya mzaha uo huo, kwa kuwa tafsiri kamili ya mwanzo ya Kurani kwa Kiswahili iliyochapishwa, ile ya mwaka wa 1923, ilifanywa na mmisionari Mkristo, Godfrey Dale. Mwanafunzi anayetaka mada ya tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu tafsiri na mamlaka na aanzie hapo.

Suala la tafsiri linanifikisha kwenye neno moja ambalo mpwa wangu alilikwama. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa kiume wa baba na ndugu wa kiume wa mama. Gurnah analitumia neno hilo kwa Aziz, na kisa chote kimesimama juu ya uongo uliomo ndani yake. Kiswahili hakimruhusu mfasiri kukaa katikati. Akisema mjomba, amemweka tajiri upande wa mama, na mjomba katika mila zetu nyingi ana haki na wajibu wa pekee. Akisema ami au baba mdogo, amemweka upande wa baba, yule yule mwenye deni. Kila chaguo linabadilisha aina ya usaliti. Simwambii msomaji Hadjivayanis alichagua lipi. Alitafute mwenyewe, kisha ajiulize kama yeye angethubutu kuchagua jingine. Nitasema tu kwamba mpwa wangu, anayeniita mjomba kwa haki kabisa, alinitazama kwa jicho la kunipima kwa siku mbili tatu.

Sasa niingie katika kiini cha pendekezo langu, ambacho kwa wanafunzi wa Kiswahili kina uzito kuliko tuzo zote. Katikati ya riwaya mna safari ndefu ya biashara: Aziz, mnyapara wake Mohammed Abdalla, wapagazi, walinzi, bidhaa, ngoma na pembe, hadi ng’ambo ya Ziwa Tanganyika. Maradhi, hongo kwa kila mtawala, fisi usiku, kisha msiba kwa Chatu. Safari hii haikutoka hewani. Wataalamu wameonyesha kwamba Gurnah aliijenga kwa kuyasikiliza masimulizi ya wasafiri Waswahili wenyewe, hasa yale yaliyokusanywa na Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni kisha akafundisha Kiswahili mjini Berlin. Velten aliyachapisha mwaka wa 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Mmoja wa wasimulizi hao ni Selemani bin Mwenye Chande, ambaye simulizi yake ya safari ya bara ina mambo mengi ambayo msomaji wa Peponi atayatambua mara moja.

Hebu tuifuate njia hiyo polepole. Mtu wa pwani anasafiri bara, anarudi, anasimulia kwa Kiswahili. Mjerumani anayataka maneno hayo yaandikwe, kwa sababu serikali yake inataka kuwajua watu inaowatawala. Yanachapishwa kwa Kiswahili na pia kwa Kijerumani. Miongo kadhaa baadaye, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka kwao akiwa kijana, baada ya Mapinduzi ya 1964, akawa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, anayachukua na kuyageuza riwaya ya Kiingereza, akiacha humo maneno kama mnyapara na seyyid bila kuyafafanua. Halafu mwanamke mwenye asili ya Zanzibar, mhadhiri mjini London, anayerudisha yote kwa Kiswahili. Msafara huo umechukua zaidi ya miaka mia moja. Swali ambalo mwanafunzi anaweza kukaa nalo likizo nzima ni hili: je, kilichorudi ni kile kilichoondoka? Velten alipata masimulizi ambayo wasimulizi walijua nani anasikiliza. Gurnah alitia humo kitu ambacho hakikuwamo, yaani jicho la mtoto aliyewekwa rehani, asiye na faida yoyote katika biashara ile. Kwa hiyo hata kama maneno ni ya Kiswahili tena, msemaji si yule yule.

Nilimweleza nyanya haya yote kwa shauku ya mwanafunzi wa uzamili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Na wapagazi, majina yao yameandikwa?”

Sikuwa na jibu la haraka. Msomaji akumbuke kwamba Mumias ilikuwa kituo cha misafara ya Waswahili na Waarabu iliyoelekea Uganda, katika enzi ya Nabongo Mumia, na kwamba kwetu watu wanayo kumbukumbu ya misafara hiyo kwa upande wa pili: si upande wa aliyekuja, bali upande wa aliyejiwa, na wa aliyebeba. Katika Peponi wapagazi ni wengi na wenye majina ni wachache. Neno “mshenzi” linatoka vinywani mwa wahusika wa pwani bila kusita, na kusikia neno hilo likitamkwa kwa sauti sebuleni mwetu, na binti ambaye kwa kipimo cha Mohammed Abdalla angehesabiwa mshenzi, ni tofauti sana na kuliona kwenye karatasi. Mpwa wangu alishusha sauti kila alipolifikia.

Je, hii ni kasoro ya riwaya? Nimelifikiria sana. Naona kwamba Gurnah hawatetei wafanyabiashara hao. Anaonyesha ukatili wa mnyapara kwa wanaume na wavulana walio chini yake, anaonyesha biashara inayonunua binadamu kwa jina la deni, na anampa Chatu nafasi ya kusema waziwazi kwa nini hawaamini wageni, kwa maneno ambayo Aziz hawezi kuyajibu. Pia kuna mzee Hamdani, mtunza bustani, anayekataa kuuona uhuru kuwa zawadi anayoweza kupewa na mtu. Hata hivyo, riwaya inabaki barazani. Inaijua bara kama wanavyoijua wapitaji. Hilo ni pengo, na kwa maoni yangu halizibwi na Gurnah. Linamngoja mwandishi wa Kiswahili kutoka Mumias, Ukambani au Tabora ambaye atauandika msafara kutoka chini ya mzigo. Wakamba hasa walikuwa na misafara yao wenyewe katika karne ya kumi na tisa, na riwaya kubwa juu yake ingali inangojwa.

Sitaufichua mwisho. Itoshe kusema kwamba bibi mwenye nyumba iliyo na bustani ile nzuri ana jeraha usoni na anaamini kijana anaweza kumponya, na kwamba aliyeijua Sura ya kumi na mbili ya Kurani, iitwayo Yusuf, atajua kanzu itachanika upande gani. Lakini riwaya haifuati Sura hiyo hadi mwisho wake wenye heri. Katika kurasa za mwisho askari wanapita wakikamata watu wa kubeba mizigo ya vita. Waingereza nao walifanya hivyo upande wetu. Wakazi wa Nairobi wanaoshuka kituo cha Kariokor, na wa Dar es Salaam wanaonunua bidhaa Kariakoo, wanalitaja jeshi la wapagazi wa vita vile kila siku bila kukusudia.

Kuhusu namna ya kusikiliza, nina machache ya kusema. Riwaya ina sehemu sita. Usiku mmoja hautoshi kwa sehemu moja, na ni vizuri iwe hivyo. Ubaya wa masikio ni kwamba huwezi kurudi nyuma kwa kidole. Nilichanganya mara mbili nani alitoka wapi katika nyumba ya Aziz, hasa uhusiano wa Khalil na Amina, ambao ni sharti uufuatilie kwa makini, na nikalazimika kumwomba mpwa wangu arudie ukurasa mzima. Kwa hiyo nashauri kitabu chenyewe kiwe mkononi mwa mmoja, na kisomwe kwa zamu. Rekodi zetu zimebaki katika simu ya nyumbani, kwani haki ya kuzisambaza si yangu wala si ya mpwa wangu. Soko la vitabu vya Kiswahili vya kusikilizwa bado ni changa, na wachapishaji wetu wangefanya hekima kulitazama. Wasomaji wenye sauti nzuri wamejaa katika vyama vya wanafunzi kama hiki chetu.

Atakayeimaliza Peponi mapema aitafute Safari za Wasuaheli maktabani, ailinganishe na sehemu ya safari. Atakayependa kuendelea na kisa cha enzi hiyo, Afterlives ya mwandishi huyo huyo (2020) inaingia ndani ya vita na maisha ya askari wa Kijerumani weusi, ingawa mimi nimeisoma kwa Kiingereza tu.

Macho yangu yalipona kabla ya mwezi kwisha. Sikumwambia mpwa wangu hadi alipofika ukurasa wa mwisho. Nyanya alikuwa amelijua hilo siku nyingi, maana aliniona nikisoma gazeti uani, lakini naye alinyamaza. Sasa wawili hao wameanza Kuli bila mimi, na juzi nilipopiga simu niliambiwa ningoje, wamefika kwenye mgomo.